Kemikali zinazovuruga homoni na ulaji wa seli za saratani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Mengi ya maswali haya huanza na kichwa cha habari kinachodai kwamba plastiki "inalisha" saratani. Neno hilo linapotosha tangu mwanzo. Plastiki hailishi seli yoyote. Kinachotokea ni kwamba kemikali fulani hujifanya homoni, na homoni ndizo zinazoiambia seli nini cha kula, kwa kasi gani, na ikishakula ijenge nini.

Kemikali zinazovuruga homoni ni zipi hasa?

Ni kemikali za kutoka nje ya mwili zinazoingilia kazi ya homoni. Baadhi huiga homoni, baadhi huziba mahali inapopaswa kukaa, na baadhi hubadilisha namna homoni inavyotengenezwa, inavyosafirishwa au inavyovunjwa. Jina lao la pamoja lilipatikana mwaka 1991 katika mkutano wa Wingspread, jimboni Wisconsin, Marekani, ulioitishwa na Theo Colborn.

Zinazotajwa sana ni bisfenoli A, yaani BPA, iliyomo katika plastiki ngumu na utando wa ndani wa makopo. Thalati zinazolainisha plastiki. Dioksini zinazozaliwa taka zikichomwa. DDT na viuatilifu kadhaa. PFAS za vyombo visivyogandisha chakula na vitambaa visivyolowa. Tributili-tini iliyokuwa ikitiwa kwenye rangi za meli. Na metali kama kadmiamu na aseniki. Kwa umbo, hazifanani hata kidogo. Kwa hiyo mtu akikwambia kwa sentensi moja "kemikali hizi hufanya hivi", muulize anazungumzia ipi.

Seli ya saratani inakula tofauti na seli nyingine?

Ndiyo, na jambo hili linajulikana kwa takribani miaka mia moja. Katika miaka ya 1920, Mjerumani Otto Warburg alipima vipande vya uvimbe maabarani akaona kitu cha ajabu. Seli ya kawaida yenye oksijeni ya kutosha huivunja glukosi hatua kwa hatua mpaka ndani ya mitokondria, yaani vinu vya nishati vya seli, na kila molekuli moja huipatia takribani ATP 30, ATP ikiwa sarafu ya nishati ya seli. Seli za uvimbe zilikuwa na oksijeni tele, lakini ziliishia njiani: zilipata ATP 2 tu na kumwaga nje laktati, mabaki ya glukosi iliyovunjwa nusu, kama misuli ya mtu anayekimbia mbio fupi.

Kwa nini seli inayotaka kukua haraka ichague njia yenye hasara? Jibu linaeleweka ukikumbuka kwamba seli inayogawanyika haihitaji nishati peke yake. Inahitaji matofali pia. Ili seli moja iwe mbili, lazima itengeneze DNA mpya, utando mpya, protini mpya. Ukiichoma glukosi yote mpaka iwe hewa ukaa, umepata moto lakini umepoteza mbao za kujengea. Seli ya saratani huichepusha sehemu ya kaboni hiyo kwenda kwenye ujenzi. Laktati inayobaki nayo haipotei bure: hufanya mazingira ya uvimbe kuwa na asidi, na seli za kinga hufanya kazi vibaya hapo.

Warburg, aliyepata Nobel mwaka 1931 kwa kazi yake juu ya kimeng'enya cha upumuaji, aliamini kwamba mitokondria za saratani zimeharibika. Hapo hakuwa sahihi. Katika uvimbe mwingi mitokondria zinafanya kazi, ila zimepangiwa majukumu mengine. Hupokea glutamini na asidi za mafuta, na kutoa malighafi. Mwaka 2011, Douglas Hanahan na Robert Weinberg walipopanua orodha yao maarufu ya sifa za saratani, mabadiliko ya matumizi ya nishati yalipewa nafasi yake.

Basi nikiacha sukari kabisa, saratani itakufa njaa?

Hapana. Ini lako litatengeneza glukosi kutoka kwenye protini na gliseroli, kwa sababu ubongo na chembe nyekundu za damu vinaihitaji. Uvimbe utachota humo humo.

Wazo lenyewe linatokana na picha za PET. Mgonjwa huchomwa sindano ya sukari yenye florini ya mionzi. Seli zenye njaa huivuta ndani, kimeng'enya kiitwacho heksokinesi huipachika fosfati, kisha hakuna hatua inayofuata: sukari hiyo imenaswa, na mahali ilipojikusanya hung'aa kwenye skrini. Picha inavutia, na mtu akiiona mara moja haisahau. Lakini saratani ya tezi dume katika hatua za mwanzo mara nyingi haing'ai hivyo. Seli za kawaida za tezi dume hulimbikiza zinki, zinki huzuia mzunguko wa sitreti usiendelee, na sitreti hutolewa kwenye majimaji ya manii. Zikigeuka saratani, zinki hupungua, mzunguko hufunguka, na seli huanza kutumia mitokondria zaidi kuliko ilivyokuwa. Yaani kinyume cha alichokiona Warburg. Saratani hazina mlo mmoja, na hilo lina uzito mkubwa kwa maswali yanayofuata.

Homoni inahusikaje na ulaji wa seli?

Homoni hubeba ujumbe. Inafika kwenye seli, inakaa kwenye kipokezi chake kama ufunguo kwenye kufuli, na kufuli hilo linafungua orodha ya kazi. Nyingi kati ya kazi hizo ni za jikoni.

Chukua estrojeni na seli ya titi yenye kipokezi chake. Kipokezi kikishaamshwa huingia kwenye DNA na kuwasha jeni kadhaa, mojawapo ikiwa MYC, ambayo ni kama mnyapara wa ujenzi. Njia nyingine haina haja ya kugusa DNA: ujumbe hupita kwenye mfululizo wa protini PI3K, AKT na mTOR, na kwa muda mfupi milango ya glukosi iitwayo GLUT1 husogezwa juu ya utando wa seli. Milango ikiongezeka, sukari inaingia zaidi. Insulini hutumia mfululizo huo huo. Androjeni katika tezi dume huongeza vimeng'enya vya kutengeneza mafuta, na homoni za tezi ya thairoidi huamua mwendo wa mitokondria.

Hivyo basi, mtu anayeweza kughushi ufunguo hahitaji kuleta chakula. Akishaingia jikoni, mpishi atamsikiliza.

Na kemikali hizo hughushije?

Hapa inabidi twende moja moja.

BPA hukaa kwenye kipokezi cha kawaida cha estrojeni, lakini kwa udhaifu: mara elfu moja au zaidi chini ya estradioli, estrojeni kuu ya mwili. Kwa muda mrefu udhaifu huo ulitosha kuwatuliza watu. Baadaye ikaonekana kuna milango mingine. Upo kipokezi cha estrojeni kilichoko kwenye utando, GPER, kinachowasha ule mfululizo wa AKT haraka bila kusubiri jeni. Na upo kipokezi ndugu kiitwacho ERR-gama, ambacho BPA hukikamata kwa nguvu kabisa. Kinachovutia kwa mada yetu ni kwamba kazi ya kawaida ya ERR-gama ni kusimamia jeni za mitokondria na nishati. Katika seli zilizokuzwa maabarani, BPA imeonekana kuongeza uchukuaji wa glukosi na utoaji wa laktati, ingawa si katika kila aina ya seli na si kwa kila kipimo.

Dioksini ina mlango wake, kipokezi cha AhR. Kikishaikamata dioksini, AhR huingia kwenye kiini cha seli na kuungana na protini mwenza iitwayo ARNT. Sasa angalia mchezo ulivyo: ARNT huyo huyo ndiye mwenza wa HIF-1, swichi inayowashwa seli inapokosa oksijeni, na HIF-1 ndiyo inayoamuru glukosi ivunjwe kwa njia ya mkato. Njia mbili zinategemea mwenza mmoja. Ipi itashinda hutegemea aina ya seli, kiasi cha dioksini na hali ya oksijeni, na ndiyo maana tafiti za dioksini na glukosi husomeka kama zinapingana. Jambo lililo wazi ni la ini: panya waliopewa dozi kubwa ya dioksini hupoteza uwezo wa kutengeneza glukosi mpya, huacha kula, na hukonda mpaka kufa.

Tributili-tini ni mkorofi wa aina mbili. Kwa kiasi kidogo sana huamsha vipokezi viwili vinavyoshirikiana, PPAR-gama na RXR, na kuzielekeza seli changa ziwe seli za mafuta. Kwa kiasi kikubwa zaidi huziba moja kwa moja mashine ya kutengeneza ATP ndani ya mitokondria. Hapo homoni haihusiki tena. Ni sumu ya nishati.

PFAS nyingi zina umbo linalofanana na asidi ya mafuta: mkia mrefu wa kaboni na kichwa chenye asidi. Seli huzichukulia kama mafuta, zikaamsha PPAR-alfa, kipokezi kinachoamuru mafuta yachomwe. Katika ini la panya matokeo ni makubwa, hadi uvimbe. Kwa binadamu kipokezi hicho hakina nguvu kiasi hicho kwenye ini, kwa hiyo uvimbe wa ini la panya haupaswi kubebwa mzima mzima na kuwekwa kwa mtu.

Aseniki huvuruga kipokezi cha homoni za msongo, lakini pia ina njia yake ya mkato. Katika umbo lake lenye sumu kali hushika kiungo muhimu cha kimeng'enya kinachoiingiza piruvati, zao la glukosi iliyovunjwa, kwenye mzunguko wa sitreti ndani ya mitokondria. Lango likifungwa, piruvati hugeuzwa laktati. Seli imelazimishwa kula kama saratani kabla haijawa saratani. (Na bado aseniki trioksidi ni dawa nzuri ya aina moja ya saratani ya damu. Kemia haina wema wala ubaya. Ina dozi na mahali.)

Iligunduliwaje kwamba plastiki inaweza kuiga estrojeni?

Kwa ajali, tena zaidi ya mara moja.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Ana Soto na Carlos Sonnenschein wa Chuo Kikuu cha Tufts, Boston, walikuwa wakikuza seli za saratani ya titi ziitwazo MCF-7. Seli hizi huongezeka zikipewa estrojeni na hutulia zisipopewa. Waliiondoa estrojeni yote kwa makaa kwenye seramu, yaani majimaji ya damu ya kulishia seli, na kwa miaka sahani zisizo na estrojeni zilitulia kama ilivyotarajiwa. Siku moja zikaanza kuongezeka. Sahani zote. Fikiria fadhaa ya mtu aliyezoea kuona nusu ya sahani zake kimya, sasa zote zimejaa. Walidhani kuna mtu ameingiza estrojeni kwa uzembe. Walibadilisha kila kitu, kifaa kwa kifaa, kwa miezi, mpaka wakabaki na mirija ya plastiki ya kuhifadhia seramu. Mtengenezaji alikuwa amebadilisha mchanganyiko wa plastiki na hakutaka kusema ameongeza nini, ikiwa ni siri ya biashara. Wakaichambua wenyewe, na mwaka 1991 wakatangaza: ni nonilifenoli, iliyokuwa ikichuruzika kutoka kwenye mirija.

Miaka miwili baadaye, maabara ya David Feldman kule Stanford ilikuta BPA ikitoka kwenye chupa za polikaboneti zilizochemshwa kwa mvuke ili kuua vijidudu. Na mwaka 1998 vizimba vya panya vya Patricia Hunt vilioshwa kwa sabuni isiyofaa; plastiki ikababuka, BPA ikatoka, na mayai ya panya yakaanza kuwa na kromosomu zilizokosea hesabu.

Napenda visa hivi kwa sababu hakuna aliyekuwa akitafuta ubaya wa plastiki. Waligongana nao.

Mafuta ya mwilini yanaingiaje hapa?

Kwa milango mitatu, na nadhani hapa ndipo ushahidi utakapokuja kuwa na nguvu zaidi.

Kwanza, tishu ya mafuta ni ghala. DDT, dioksini na PCB (kemikali za zamani za vifaa vya umeme) huyeyuka kwenye mafuta na kukaa humo kwa miaka. Titi lenyewe lina mafuta mengi, kwa hiyo seli zake huishi jirani na ghala.

Pili, tishu hiyo ni kiwanda. Ina kimeng'enya cha aromatesi kinachogeuza androjeni kuwa estrojeni, na kwa mwanamke aliyekoma hedhi hicho ndicho chanzo kikuu cha estrojeni mwilini. Kemikali inayoongeza seli za mafuta inaongeza kiwanda. Mwaka 2006 Felix Grün na Bruce Blumberg walizipa kemikali hizo jina, obesojeni, tributili-tini ikiwa mfano wao wa kwanza.

Tatu, ni kantini. Seli za saratani zilizo kando ya seli za mafuta huzichochea ziachie asidi za mafuta, kisha huzichoma kwenye mitokondria. Ongeza hapo insulini inayopanda mwili unapoisikia kidogo, nayo ni amri nyingine ya kukua. Kwa hiyo kemikali inaweza kuisaidia saratani bila kuigusa seli yake hata moja, kwa kubadilisha mtaa inamoishi.

Je, ni kweli kiasi kidogo kinaweza kudhuru kuliko kikubwa?

Kwa homoni, inawezekana. Mwili wenyewe hufanya kazi kwa kiasi kidogo mno cha homoni, na vipokezi hujaa mapema. Ukiendelea kuongeza, seli huanza kupunguza vipokezi vyake au hulemewa, na athari hushuka.

Mfano mzuri ni DES, estrojeni ya kutengenezwa iliyobuniwa mwaka 1938 na kundi la Edward Charles Dodds huko Uingereza. Mtu huyo huyo alikuwa ameonyesha miaka michache kabla kwamba BPA nayo ina tabia ya estrojeni. Dozi kubwa ya DES ilitumika kutibu saratani ya titi kwa wanawake waliokoma hedhi, kabla ya kuja dawa ya tamoksifeni inayoziba kipokezi cha estrojeni. Charles Huggins alitumia estrojeni dhidi ya saratani ya tezi dume mwaka 1941 na kupata Nobel mwaka 1966. Wakati huo huo wajawazito walipewa DES kwa imani kwamba inazuia mimba kuharibika, jambo ambalo haikufanya. Mwaka 1971 Arthur Herbst na wenzake wakaripoti saratani adimu ya uke kwa mabinti waliokuwa tumboni wakati huo. Kati ya mabinti hao, takribani mmoja katika kila 1,000 huipata. Dawa ile ile, saratani mbili, pande mbili.

Mzozo wa dozi haujaisha. Aprili 2023 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya, EFSA, ilishusha kiwango cha BPA kinachokubalika kwa siku mpaka nanogramu 0.2 kwa kila kilo ya uzito wa mtu, mara 20,000 chini ya kile cha awali. Taasisi ya Ujerumani inayotathmini hatari, BfR, haikukubaliana na hesabu hiyo. Na ifahamike kwamba kilichoisukuma EFSA kilikuwa athari kwenye seli za kinga za panya. Saratani haikuwa msingi wa uamuzi huo.

Kemikali hizi huanzisha saratani, au huikuza iliyopo tu?

Zinatofautiana. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, lililoko Lyon, Ufaransa, limeziweka katika Kundi la 1, yaani zinasababisha saratani kwa binadamu, dioksini aina ya TCDD, PCB, DES, aseniki, kadmiamu, na tangu 2023 PFOA, mojawapo ya PFAS. DDT iko Kundi la 2A, yaani yaelekea inasababisha. Makundi haya yanapima uhakika wa ushahidi. Hayasemi kemikali ipi ni kali kuliko ipi, na kuyasoma kama ngazi ya ukali ni kosa ninalokutana nalo kila wiki.

Kubadilisha ulaji wa seli peke yake mara nyingi hakutoshi kuanzisha saratani. Kunaipa nafasi seli ambayo tayari ina hitilafu ya jeni: hupata chakula, hugawanyika, na kila mgawanyiko huongeza nafasi ya kosa jipya. Ndiyo maana umri una uzito. Utafiti wa Barbara Cohn kwa wanawake wa California, uliochapishwa mwaka 2007, ulitumia damu iliyohifadhiwa tangu miaka ya 1960. Miongoni mwa wanawake waliokuwa chini ya miaka 14 DDT ilipoanza kutumika sana, wenye viwango vikubwa walikuwa na hatari ya saratani ya titi mara tano ya wenye viwango vidogo. Kwa waliokuwa wakubwa zaidi, uhusiano huo haukuonekana. Titi linalokua lilikuwa limefungua dirisha.

Kwa nini majaribio ya maabara yanapingana kiasi hiki?

Sababu moja ni kwamba maabara hupima kemikali chache kwa wakati mmoja, ilhali sisi tunaishi kwenye mchanganyiko. Sababu nyingine ni ya aibu kidogo: sahani yenyewe.

Kioevu cha kukuzia seli huwa na rangi nyekundu ya kuonyesha asidi, fenoli nyekundu. Mwaka 1986 iligundulika kwamba rangi hiyo, kama inavyouzwa, ina tabia ya estrojeni. Maabara zilizokuwa zikijivunia sahani "zisizo na estrojeni" zilikuwa zikiinywesha seli estrojeni kila siku. Halafu kuna sukari. Kioevu kimoja kinachotumika sana kina glukosi milimoli 25 kwa lita, wakati damu ya mtu mzima mwenye afya, kabla hajala, ina karibu 5. Seli iliyozama kwenye sukari mara tano ya kawaida itaonyesha tabia ya Warburg hata bila kemikali yoyote. Ukisoma utafiti wa umetaboli, yaani wa namna seli inavyotumia chakula, nenda kwenye sehemu ya mbinu kwanza: je, waliondoa fenoli nyekundu? Glukosi ilikuwa kiasi gani? Chupa zilikuwa za nini? Ukikosa majibu hayo, weka utafiti huo kando kwa muda.

Chombo kilichoandikwa "haina BPA" ni salama?

Maandishi hayo yanakwambia kisichokuwemo, basi. Mara nyingi nafasi yake imechukuliwa na bisfenoli S au F, ambazo zina umbo la karibu na hukaa kwenye vipokezi vile vile. Umoja wa Ulaya, ambao uliipiga BPA marufuku kwenye chupa za watoto mwaka 2011, ulipoizuia kwenye vifungashio vya chakula kwa uamuzi wa Desemba 2024 uligusa pia bisfenoli nyingine zenye madhara.

Je, soya nayo?

Soya ina isoflavoni, ambazo hupendelea zaidi kipokezi cha estrojeni aina ya beta, na hicho hakiisukumi seli ya titi ikue kama alfa. Tafiti za watu hazikuonyesha kwamba soya ya kuliwa kama chakula inaongeza saratani ya titi. Baadhi zilionyesha kinyume. Vidonge vya isoflavoni iliyokolezwa ni habari nyingine, muulize daktari wako.

Zinaweza kuifanya dawa ya saratani isifanye kazi?

Maabarani, ndiyo. Mwaka 2009 ilichapishwa kazi iliyoonyesha kwamba BPA kwa viwango vidogo ilizikinga seli za saratani ya titi dhidi ya doksorubisini, sisplatini na vinblastini, zikiwemo seli zisizo na kipokezi cha kawaida cha estrojeni. Kwa wagonjwa halijathibitishwa. Usiache wala kuchelewesha tiba kwa hofu hiyo.

Na kuna onyo kutoka upande wa pili. Metformini, dawa ya kisukari, hupunguza insulini na kubana mitokondria, na seli kwenye sahani hazikuipenda. Jaribio kubwa la wagonjwa wa saratani ya titi zaidi ya 3,600, lililoripotiwa mwaka 2022, lilikuta metformini haikuwaongezea muda wa kuishi bila ugonjwa kurudi. Kati ya sahani na mtu kuna safari ndefu.

Nifanye nini nyumbani?

Joto na mafuta ndivyo vinavyoifanya plastiki ichuruze kemikali. Usipashe chakula moto kwenye plastiki, usimimine mafuta ya moto humo, tupa chombo kilichokwaruzika au kubabuka. Risiti za karatasi laini zinazochapishwa kwa joto hubeba bisfenoli nje nje. Usizikunje mkononi, hasa mkono ukiwa na mafuta ya kupaka. Usichome plastiki. Kama maji ni ya kisima katika eneo lenye aseniki, yapimwe. Kuchemsha hakuiondoi, kunaikoleza maji yanapopungua. Kwa uzito wa hatari, tumbaku na pombe bado viko mbele ya karibu vyote nilivyotaja hapa. Anayevuta sigara huku akibadilisha vyombo vyake viwe vya kioo ameanza na kazi ndogo.

Nikipima mkojo nikakutwa na BPA, inamaanisha nina saratani au nitaipata?

Haimaanishi hivyo. Katika vipimo vya Marekani vya 2003 hadi 2004, BPA ilionekana kwenye mkojo wa asilimia 93 ya watu wa miaka 6 na kuendelea. Mwili huiondoa ndani ya saa chache, nyingi yake ikishatoka kabla siku haijaisha. Mkojo wa asubuhi unaeleza ulichokula na kugusa jana. Ukipima tena wiki ijayo unaweza kupata namba tofauti kabisa. Dioksini na masalia ya DDT hupimwa kwenye damu, na hayo hueleza miaka. Lakini hata hapo hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kuchukua namba hiyo na kusema seli zako zinakulaje.